Kisu, birika la chuma, sufuria ya umeme ya wali kutoka Japani: kipi kije, kipi kibaki?

Jikoni_Tanga
Wakuu, heshima kwenu. Kuna ndugu anarudi Tanga kutoka Osaka na begi lake lina nafasi ya kilo saba hivi. Tunataka vitu vya kutumika kila siku, siyo vya kupamba kabati: kisu cha santoku (cha Kijapani cha kazi zote za jikoni), birika la chuma la Nambu, yaani la kusubu la Iwate, lenye vinundu nje, sufuria ya umeme ya kupikia wali (chini imeandikwa 100V, 655W), na kichupa cha sosi ya soya ambacho wanasema hakichuruzi. Jiko letu ni la gesi, maji ni ya kisima na yana chumvichumvi. Aulize nini dukani kabla ya kulipa?

Volti_Mbili
Hiyo sufuria ibaki hukohuko. Chombo cha 100V ukikichomeka kwenye 230V ya kwetu, joto linapanda kwa mraba wa volti, yaani mara tano na zaidi. Hizo wati 655 zinataka kuwa karibu 3,500. Bahati ikiwa yako, fyuzi ya joto iliyomo ndani inakatika kwanza. Isipokuwa yako, inaungua bodi.

Kuna watakaokuambia ununue transfoma ya kushusha umeme. Inafanya kazi, lakini kwa wati 655 chukua ya 1,000, na zile sufuria zinazopasha kwa sumaku, nyingi zikiwa za wati 1,200 hivi, zinataka transfoma ya 1,500 kwenda juu. Hilo ni dude la kilo kadhaa litakalokaa jikoni maisha yote. Vile vigeuzi vyepesi vya mkononi usiviguse: vinakatakata wimbi la umeme, na sufuria yenye kompyuta ndani haivumilii.

Akitaka sufuria lazima, aende maduka ya umeme ya Nipponbashi hapohapo Osaka aulize toleo la nje ya nchi, lililoandikwa 220–230V. Asome kibandiko cha chini kwa macho yake, asitegemee boksi. Kikombe cha kupimia kinachokuja nayo ni cha mililita 180. Wengi hukipoteza, wakaanza kupima kwa kikombe cha 250 huku maji wanaweka kwa mistari ya ndani, kisha wanalalamika wali mgumu. Na mistari yenyewe imechorwa kwa mchele mfupi wa Kijapani. Mchele wetu mrefu unataka maji zaidi ya mstari.

Makali
Mimi niseme kisu tu.

Aanze kuuliza chuma, bei baadaye. VG-10, aina ya chuma cha pua, haishiki kutu kirahisi na ugumu wake ni kama 60 kwa kipimo cha Rockwell, wakati visu vingi vya Kijerumani viko 56 hadi 58. Shirogami na aogami ni chuma cha kaboni. Vinanoleka haraka na makali yake ni matamu kweli, ila ukikata ndimu ukakiacha hivyo mezani, kutu inaanza kabla wali haujaiva. Kwa hewa ya bahari chukua VG-10, urefu wa milimita 165 hadi 180.

Ugumu huo unafanya makali yakae, na huohuo unafanya yameguke. Mfupa, samaki aliyeganda, kifuu cha nazi: hapana. Muhogo na boga vinakatika, lakini kisu kikikwama usikipindue kushoto na kulia, kivute kilivyoingia. Ubao uwe wa mti au plastiki, usiwe wa kioo wala marumaru. Na ukikusanya vitunguu ubaoni, geuza kisu usukume kwa mgongo.

Usimpelekee fundi wa kunoa kwa gurudumu la baiskeli. Pembe yake ni ya panga, na gurudumu kavu linapasha ncha nyembamba hadi chuma kinalegea. Nunua jiwe la namba 1000 (namba ikiwa kubwa, jiwe ni laini zaidi); la 3000 au 6000 ni la kumalizia, la 400 ni la kuondoa mapengo tu. Jiwe la kawaida lilowekwe majini dakika 10 hadi 15, mpaka liache kutoa mapovu. Yapo ya kunyunyizia tu, hayo usiyaloweke, yanaweza kupasuka.

Pembe ni nyuzi 15 kila upande. Kwa kisu chenye upana wa milimita 45, mgongo unauinua kama milimita 12 kutoka kwenye jiwe. Noa upande mmoja mpaka upande wa pili usikie unyuzi wa chuma kwa kidole, kuanzia kisigino hadi ncha. Bila huo unyuzi hujafika kwenye makali, hata unoe saa nzima. Ndipo ugeuze. Yale matope yanayotoka usiyaoshe, ndiyo yanayonoa. Jiwe likibonyea katikati, lisawazishe kwa msasa uliolazwa juu ya kioo, la sivyo pembe itakuwa inayumba kila ukinoa.

Birika_Jeusi
Hapo kwenye birika kuna mtego. Yapo mawili yanayofanana, yote ya chuma cha kusubu, yote yana vinundu. Moja ndani limepakwa enameli, ule utando mgumu kama kioo: ni la kutengea chai tu, ukiliweka kwenye gesi enameli inapasuka. La kuchemshia, tetsubin, ndani ni chuma kitupu. Afunue kifuniko aangalie. Ndani kukiwa kweusi kunakong'aa kama sahani, siyo lenyewe. La kweli hutoka mkoa wa Iwate, kwenye miji ya Morioka na Oshu, na la lita moja lina kama kilo moja na nusu.

Moto uwe mdogo, miali isipande ubavuni. Maji yakichemka yamimine yote kwenye chupa ya chai, acha kifuniko wazi, joto lililobaki litakausha ndani. Usisugue ndani kwa kitu chochote, hata sponji. Ule ukoga mweupe unaojijenga ni wa chokaa na ni kinga. Madoa mekundu si neno maadamu maji yanatoka meupe. Yakitoka mekundu, chemsha humo majani ya chai ya kijani yaliyofungwa kwenye kitambaa, kama dakika 20. Tanini, ule ukakasi wa chai, inageuza kutu kuwa nyeusi. Ila maji yenu ya kisima yana chumvi, na chumvi inakula chuma. Tumieni ya kunywa ya dukani au ya mvua.

Jikoni_Tanga
Shukrani sana. Sufuria nimeifuta. Kichupa je?

Birika_Jeusi
Mwambie atafute cha kiwanda cha Hakusan, kilichobuniwa na Masahiro Mori mwaka 1958, porselini ya mji wa Hasami. Tone hufuata ukingo wa mviringo likashuka ubavuni. Mdomo wenye ukingo mkali unalikata. Akiona ghali, kile cha kioo chenye kofia nyekundu cha Kikkoman, kazi ya Kenji Ekuan ya 1961, kina mililita 150, kinauzwa na sosi ndani, na unakijaza tena kikiisha. Vyote viwili vinaharibiwa na chumvi inayoganda mdomoni, kwa hiyo kabla ya kujaza tena suuza kwa maji ya moto, kausha kabisa.

Makali
Na kisu kiwe kwenye begi la kupakiwa, siyo la mkononi. Kibaki kwenye boksi la dukani na risiti yake hadi uwanja wa ndege. Japani kutembea na kisu chenye ubapa unaozidi sentimita 6 bila sababu ni kosa.