Tupeane uzoefu: mliowahi kutengeneza oksaidi (metali ikishaungana na oksijeni) maabara kwa kuchoma metali, ilikuwaje?

Habarini wakuu. Nafundisha kemia huku Mtwara mjini, leo fomu sri tumechoma magnesiamu nikakumbuka mbali sana. Enzi zangu tulipewa utepe wa gramu 0.24, ukiungua wote unatakiwa upate oksaidi gramu 0.40, sisi tukapata 0.31 tukaambiwa hatujui kupima. Wakati mizani tulisoma vizuri tu, krusibo (kile kikombe cha kuchomea) ndo tuliacha wazi, ule moshi mweupe uliokuwa unapanda mpaka kwenye kenchi ndo oksaidi yenyewe inaondoka! Iliniuma kwa sababu hakuna aliyetueleza. Kwangu sasa hivi kifuniko unakinyanyua kidogo tu na koleo hewa iingie, unarudisha haraka. Na utepe upigwe msasa kwanza, ukikaa kabatini unafubaa unakuwa wa kijivu, ukisugua ndo unaona unang'aa kama kijiko kipya. Wenzangu mlifanyaje?

Mdau wa Masasi: Mwalimu umenigusa. Sisi gesi hatukuwa nayo, tulitumia jiko la mkaa tunapepea kwa zamu, kifuniko tulikuwa makini nacho lakini uzito bado ukapungua. Fundi wa maabara akadondoshea maji matone mawili matatu, weee, ikatoka harufu ya mkojo uliolala. Amonia hiyo. Kumbe hewa ikiwa kidogo mle ndani magnesiamu inashika na naitrojeni pia, maji ndo yanavunja huo muungano wa naitrojeni, halafu unakausha polepole unachoma tena mpaka uzito usibadilike.

Binti Lindi: Mimi ni shaba, tulichuna waya wa umeme tukauchoma mpaka mkono ukachoka, nje mweusi tii, kuukunja magamba yakapukutika ndani bado mwekundu vilevile. Ile nyeusi inajifunika yenyewe, oksijeni haifiki ndani. Ukitaka yote igeuke unaiyeyusha kwenye asidi ya naitriki, unakausha, unachoma ile chumvi ya bluu mpaka iwe unga mweusi. Ila jamani ule moshi wa kahawia ni sumu, unatoka kwenye asidi na unatoka tena ukichoma, sisi tulifanyia nje chini ya mkorosho na bado mwenzetu mmoja alikohoa mpaka jioni. Msifanyie ndani.

Mleta mada: Asanteni sana. Nami niongeze, magnesiamu ikishawaka msiitazame moja kwa moja na msimwagie maji, wekeni ndoo ya mchanga karibu. Mdau wa Masasi, krusibo za leo sijaziosha, kesho asubuhi naanza na yale matone.