Tableti ya dola 90 ao ya dola 215 kwa kusoma silabusi za skana?

mwalimu_kampemba

Jambo wote. Natafuta tableti ya kazi hapa Lubumbashi. Mchana ninafundisha sekondari, jioni nasoma Unilu (chuo kikuu cha hapa), kwa hiyo itatumika zaidi kwa silabusi za PDF (nyingi ni fotokopi zilizopigwa skana), kuandaa masomo katika Word, na Zoom mara moja moja. Mjini nimepewa bei mbili. Moja haina jina linalojulikana: inchi 8, hifadhi GB 32, boksi limeandikwa "RAM 3+9", dola 90. Nyingine ni Galaxy Tab A9+, inchi 11, RAM GB 4, hifadhi GB 64, dola 215. Hizo dola 125 za juu zina faida kwa kazi hii, ao ninalipia jina tu? Mkumbuke pia namna umeme unavyokatika kwetu.

fundi_kamalondo

Mwalimu, kama silabusi ni za skana, chukua ya pili.

Kwanza hiyo "3+9". RAM (kumbukumbu ya muda ambamo programu zinafanya kazi) halisi ni 3. Ile 9 ni sehemu ya hifadhi inayoazimwa kufanya kazi ya RAM, na hifadhi ya tableti za bei hiyo kwa kawaida ni eMMC (aina ya hifadhi ya bei nafuu), ambayo ni ya polepole mno ukiilinganisha na RAM. Tena inakula 9 katika zile 32 ulizolipia, na mfumo wenyewe umeshachukua sehemu yake kubwa. Muuzaji akikuambia "ni RAM 12", usimjibu, angalia bei ya nyingine.

Sasa PDF. Ukurasa wa A4 uliopigwa skana kwa dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi) una pikseli 2480 kwa 3508. Faili inaonekana nyepesi kwa sababu picha imebanwa, lakini ili uisome lazima ifumuliwe: pikseli milioni 8.7, na ikiwa ya rangi kila pikseli inashika baiti 4. Ni karibu megabaiti 35 kwa ukurasa mmoja, na programu inatayarisha pia ukurasa unaofuata. RAM ikibana, Android inafunga programu zilizo nyuma. Unaacha PDF uandike sentensi moja katika Word, ukirudi unakuta PDF inafunguka upya, pengine kwenye ukurasa wa kwanza. Watu wanaleta tableti kwa fundi wakisema imeharibika, kumbe ni nzima.

Halafu macho yako. A4 ina upana wa sentimita 21. Ekrani ya inchi 11 ya A9+ (1920 kwa 1200), ikisimama wima, ina upana wa karibu sentimita 14.8, kwa hiyo herufi ya ukubwa wa 12 unaiona kama ya 8 na nusu. Inchi 8 ya umbo hilohilo ina karibu sentimita 10.8: herufi ya 12 inakuwa kama ya 6. Utakuwa unavuta ukurasa kwa vidole kila mstari, na ukiwa na kurasa 200 utachoka kabla ya mtihani.

mama_katuba

Yaya fundi amesema kweli juu ya skana, ila kuna jambo linalowashitua watu wakishanunua. Word ya tableti inaruhusu kuandika bure kwenye ekrani isiyozidi inchi 10.1. Ikizidi hapo unasoma tu, mpaka ulipe abonema ya Microsoft 365. A9+ ni inchi 11. Mwalimu, kama hutaki kulipa, tumia Google Docs: inafungua faili za Word na kuzihifadhi vilevile, na inafanya kazi bila mega (data ya intaneti) ukiwa umeiwekea ruhusa hiyo mapema. Majedwali makubwa tu ndiyo yanaweza kuhama kidogo, kwa hiyo yakague kabla ya kuchapisha.

Na tusiidharau ile ndogo. Kwa PDF za maandishi ya kawaida na WhatsApp inatosha. Nyingi za bei hiyo zina kioo cha kugusa kilichotengana na ekrani ya ndani. Kikipasuka unabadilisha kioo peke yake, mradi kipatikane. Hapo ndipo shida: ya jina lisilojulikana, kipande chake hakipatikani.

ruashi_solaire

Juu ya umeme: A9+ ina betri ya mAh 7040, karibu Wh 27 (wati-saa, kipimo cha nishati). Pawabenki ya mAh 20,000 iliyo ya kweli ina Wh 74, theluthi hivi inapotea njiani, kwa hiyo itaijaza mara moja na nusu na zaidi kidogo. Usilipie chaja ya wati 45, tableti hii inapokea 15 tu. Umeme ukikatika chomoa chaja, na ukirudi ngoja dakika kumi kabla ya kuchomeka. Ile voltaji inayoruka mwanzoni ndiyo inaua chaja.

Ikiwa A9+ yenyewe ni ya mkono wa pili, usitoe feza kabla ya kuirudisha kama mpya mbele ya muuzaji na kuiunganisha na intaneti. Ikidai akaunti ya Google ya mtu mwingine, ao ikiandika kwamba inasimamiwa na shirika, iache. Kufuta tena hakuondoi kufuli hizo. Kisha ingia Play Store, Mipangilio, Kuhusu: iwe imeandikwa kwamba kifaa kimeidhinishwa.

mwalimu_kampemba

Asanteni sana. Nimeelewa juu ya inchi 10.1, Google Docs itanitosha. Hifadhi 64 haitajaa haraka?

fundi_kamalondo

Ina nafasi ya kadi ya microSD. Weka PDF na video kwenye kadi, programu zibaki ndani, na usiache hifadhi ya ndani ijae, maana ikibakiwa na nafasi ndogo tableti inakuwa nzito. Na wewe ukipiga skana mwenyewe, weka dpi 150, rangi ya kijivu: pikseli 1240 kwa 1754, robo tu ya zile za mwanzo, na maandishi ya fotokopi nzuri yanasomeka bila shida. Ile ya 300 ibakize kwa michoro na ramani.