GNU Radio: nazidisha sampuli na iliyotangulia, natoka na makelele tu

mawimbi_dsm
Wakuu habari zenu. Nina kile kidude cha RTL-SDR cha kunasia mawimbi ya redio kwa kompyuta, naunganisha bloku kwenye programu ya GNU Radio, nataka kusikiliza FM ila bila kutumia Quadrature Demod (bloku ya kutoa sauti kwenye FM) iliyo tayari maana nataka nijue ndani kunafanyika nini. Data inaingia 2.4M (sampuli milioni 2.4 kwa sekunde), nimefilta nikashusha mpaka 240k, hapo nikagawa njia mbili, moja inaenda moja kwa moja nyingine inapita Delay ya 1 (inachelewa sampuli moja), zote zinaingia Multiply halafu Complex to Arg (inatoa pembe ya namba) halafu inashushwa 48k kwenda kwenye spika. Mistari yote imekubali, hakuna mwekundu, lakini ni makelele matupu na stesheni yenyewe ina nguvu kwelikweli. Nakosea wapi?

fundi_j
Multiply ndo inakuangusha mkuu. Sampuli zako ni namba changamano (zenye sehemu ya kawaida na sehemu ya j), ukizizidisha pembe zinajumlishwa, na wewe unataka tofauti ya pembe kati ya sampuli na sampuli, sauti ya FM iko humo. Piga kwa mkono uone: ya nyuma iwe 0.8+0.6j, pembe kama digrii 36.9, ya sasa 0.6+0.8j, digrii 53.1. Zidisha hivyohivyo, 0.48 na 0.48 zinakatana inabaki 1j, yaani digrii 90, ndo jumla yao, ya nini sasa? Geuza alama ya j kwenye ile ya nyuma tu iwe 0.8-0.6j, zidisha tena, unapata 0.96+0.28j, digrii 16.3. Toa Multiply weka Multiply Conjugate (inageuza alama ya j ya waya wa chini kisha inazidisha), ya sasa iingie juu iliyocheleweshwa chini.

kaka_biti
Samahani nadandia, kwani asichukue pembe ya kila sampuli kwanza halafu atoe kawaida tu? Si rahisi zaidi?

fundi_j
Pembe ikifika 180 inaruka kwenda -180. Sampuli moja ikiwa 175 inayofuata -175, wimbi limesogea digrii 10 tu ila wewe ukitoa unapata -350, spika inapiga tap! Kwa konjugeti inakuja 10 yenyewe.

mawimbi_dsm
Imekubali mkuu, taarifa ya habari hiyoo!! Ila wakipandisha sauti inakwaruza, na nikibadilisha waya za juu na chini sisikii tofauti yoyote

fundi_j
Inakwaruza kwa sababu masafa ya FM yanayumba mpaka hezi 75k kila upande, kwa sampuli 240k hiyo inakupa karibu radiani 1.96 na spika inataka isizidi 1. Zidisha kwa 0.51, ndo 240000 gawa kwa 2π mara 75000. Ongeza na FM Deemphasis (inarudisha chini sauti nyembamba ambazo stesheni imezipandisha), weka 50e-6, yaani sekunde 0.00005, ile 75e-6 ni ya Marekani. Waya ukizigeuza wimbi linapinduka tu, sikio halijui, ila siku ukipokea data ya FSK (0 na 1 zinatumwa kwa masafa mawili tofauti) 0 zote zitakuwa 1.