Wakaguzi wamefunga kituo changu kwa ajili ya mlango, friji hawakuigusa

Wakuu, mnivumilie, leo sina upole.

Mimi ni tabibu na kituo ni changu mwenyewe. Vyumba vitano, wauguzi wawili, kijana mmoja wa maabara, na mama wa usafi ambaye kusema kweli anakijua kituo kuliko sisi sote. Leo ni siku ya nne mlangoni kuna karatasi yenye muhuri. Hakuna mgonjwa aliyedhurika siku ile, hakuna dawa bandia iliyokutwa, na kila anayeshika sindano pale ana cheti chake. Tumefungwa kwa sababu mlango wa chumba cha sindano unafungukia ndani, na kwa sababu ya ukuta. Habari ya ukuta nitaifikia.

Waliingia watatu, saa nne asubuhi, benchi limejaa. Kuja bila taarifa siwalaumu hata kidogo. Mkaguzi anayepiga simu wiki moja kabla huwa anakagua usafi wa jana yake. Lakini jamani, kuna namna ya kuingia penye wagonjwa. Muuguzi alikuwa ameinama kwa mtoto aliyeharisha siku mbili, mishipa imelala kabisa, na ndiyo kwanza ameupata mmoja mgongoni mwa kiganja. Yule mwenye faili akasimama juu yake: "Acha hiyo kwanza, lete cheti cha usajili." Muuguzi akasema, "Naomba dakika mbili baba, nibandike plasta." Akajibiwa, "Mimi siyo mgonjwa wako wa kuniambia nisubiri." Binti wa watu akatetemeka, mtoto akarusha mkono, kanula, kile kibomba cha dripu, ikatoka. Akachomwa upya mara mbili. Mama yake aliniangalia mimi, hakumwangalia mkaguzi. Pale mwenye kosa ni mimi, maana bango ni langu.

Mwenzake alikuwa maabara, amekalia kiti cha kijana wangu, rejesta ameifungua mapajani, anasoma majina na majibu kwa sauti. Mlango wazi, na kutoka pale hadi kwenye benchi ni hatua tatu. Nikaufunga. Akaufungua, eti kuna joto. Halafu akatoa simu, akapiga picha kurasa mbili. Nikamuuliza picha zile zinakwenda wapi. "Ni ushahidi." Ushahidi wa nini? Wa majibu ya kipimo cha mtu aliyekuja kwangu akiamini hayatatoka nje? Na kichekesho chenyewe ni kwamba kwenye fomu yao kuna kipengele cha utunzaji wa siri za wagonjwa. Walinipa tiki.

Sasa ukuta. Ukaguzi uliopita niliagizwa kwa maandishi niweke kizuizi kati ya sehemu ya kusubiria na chumba cha sindano, mgonjwa asivuliwe nguo mbele za watu. Agizo la maana. Nikaweka mbao, nikazipaka rangi ya mafuta. Safari hii nimeambiwa mbao haziruhusiwi maana hazioshiki vizuri, na kwamba njia imekuwa finyu, niziondoe. Nikaleta karatasi ya agizo la kwanza, yenye saini na muhuri wa ofisi yao hiyohiyo. Aliisoma, akaikunja, akanirudishia. "Huyo alikuwa wa zamani, sisi tunafuata mwongozo." Nikaomba anionyeshe kifungu. Akasema mwongozo upo ofisini.

Hapo hatujawazungumzia wale wa dawa, wa maabara, wa taka na wa zimamoto, kila mmoja na siku yake, fomu yake na ada yake. Mwaka mzima mtu mmoja kituoni anafanya kazi ya kutafuta nakala za vyeti.

Lakini ngoja niwaambie kilichonikera kuliko vyote, maana ndicho kilichonifanya niandike.

Walikaa saa mbili na nusu. Kwenye otoklevu, ile mashine ya mvuke ya kuua vijidudu kwenye vifaa, waliuliza karatasi ya matengenezo, wakaiona, wakapita. Hakuna aliyefungua pakiti hata moja ya vifaa. Utepe wa nje ukigeuka rangi unakuambia tu kwamba pakiti ilipita kwenye joto, haukuambii kama nyuzi 121 zilifika ndani na kukaa muda wake. Cha kuangalia ni kile kipande cha kipimo kinachowekwa ndani ya pakiti. Kwenye mtungi wa kuzimia moto walisoma tarehe kwenye stika, mshale wa presha hawakuutazama. Sefti boksi la chumba cha sindano, lile la kutupia sindano zilizotumika, lilikuwa limevuka robo tatu. Mama wa usafi aliniambia mapema asubuhi, nami nikajibu kizembe, "Tutabadilisha mchana." Likakaa pale, bomba moja la sindano limechungulia mdomoni, na yule mwenye faili akawa anapita kando yake, limemfikia kiunoni, akipima upana wa mlango kwa futikamba.

Halafu friji. Mlangoni mwa friji kuna fomu ya joto, inajazwa asubuhi na jioni. Mkaguzi wa tatu, mpole kuliko wenzake, akapitisha kidole kwenye safu: nne, nne, nne, nne, mwezi mzima. Akatabasamu. "Hapa mmefanya vizuri sana." Tiki. Akaondoka bila kuufungua mlango wa friji.

Aliyewahi kuishi na friji ya dawa anajua haikai hivyo. Inafunguliwa, inafungwa, umeme unacheza. Inayofaa ni kati ya nyuzi 2 na 8, na ndani ya hapo tarakimu inapanda na kushuka. Mwezi mzima wa nne tupu ungemfanya mtu anayeijua kazi asimame. Mimi mwenyewe nilikuwa napita mbele ya fomu ile kila siku, sikusimama.

Jioni, karatasi ishabandikwa, wenzangu wameshaondoka, nikabaki peke yangu na hasira. Nikasema ngoja nijikague mwenyewe. Nikafungua friji, nikatoa kipimajoto, kile cha duara chenye mshale. Nne. Nikakishika mkononi mpaka kikapata moto wa kiganja. Nne. Nikakitia kwapani kama namhudumia mgonjwa. Nne! Mshale umekwama, Mungu ndiye anajua tangu lini. Nyuma ya friji, pale kwenye ubao wa baridi, kulikuwa na barafu nene kama kidole, na vichupa vitatu vya insulini vimeigandia.

Insulini ikishaganda ni ya kutupa. Ikiyeyuka unaweza kuiona safi kabisa machoni, lakini nguvu yake huwezi kuitegemea tena. Na chanjo ya pepopunda nayo haivumilii kuganda. Nimetupa shehena yote, iliyogusa barafu na ambayo haikugusa, maana sina tena namna ya kujua. Kisha nikakaa na rejesta, nikaanza kupiga simu kwa wote waliochukua insulini kwangu wiki zile, mmoja baada ya mwingine, kuwaomba wapime sukari na wachukue dawa mpya kwingine. Mzee mmoja akaniambia, "Ndiyo maana, daktari. Nilidhani ni mimi nimekosea kula."

Hilo ni kosa langu. La muuguzi aliyejaza nne bila kuangalia, na langu niliyemwachia. Wangenifunga kwa hilo ningeinamisha kichwa na nisingeandika hata mstari. Wao lile wameliwekea tiki, wamenifunga kwa bawaba.

Kitu kingine, kabla hawajabandika karatasi, mwenye faili aliniambia kwa sauti ya chini kwamba "haya mengine yanazungumzika, twende nje kidogo." Sikwenda. Nusu saa baadaye muhuri ukatoka. Mnaojua mnajua. Sina rekodi, kwa hiyo naishia hapo.

Msinielewe vibaya, nyie mtakaokuja na ile ya "vituo binafsi mnaua watu". Nataka nikaguliwe. Nataka mtu aingize mkono kwenye friji yangu, afungue pakiti, amwombe muuguzi aonyeshe anavyonawa, amuulize akijichoma sindano anafanya nini saa ileile. Akikuta baya aliandike, ataje kifungu, anipe siku za kurekebisha, na nakala aniachie. Mimi nimeachiwa karatasi yenye mistari miwili, na wa pili hausomeki.

Fundi amegeuza mlango leo, sasa unafungukia nje. Mbao nimezing'oa, nimetundika pazia, ambalo nadhani mkaguzi ajaye ataniambia nilitoe niweke ukuta. Kipimajoto nimenunua viwili, na mmoja wetu atakuwa anavilinganisha. Kesho napeleka barua ya kuomba kufunguliwa.

Na hapa ndipo naomba ushauri kwa waliowahi kupita njia hii. Fomu yao ina tiki kwenye friji, na chini yake kuna saini yangu. Kwenye barua niandike habari ya kile kipimajoto, au ninyamaze? Muuguzi ananisihi ninyamaze, anasema nikiandika hatutafunguliwa mwaka huu. Yule mzee wa sukari amepiga simu mchana huu, anauliza tunafungua lini.