Baba alipinda mgongo, sasa na kaka: ugonjwa huu ni wa ukoo?

Binti wa Makambako
Habarini wapendwa. Baba yetu alipinda mgongo kabla ya kufikisha miaka 40. Kijijini walisema ni lumbesa za viazi alizobeba ujanani, naye akaamini hivyo mpaka kifo chake. Sasa kaka yangu ana miaka 26, ni fundi cherehani, hajabeba gunia hata moja. Usiku wa manane kiuno kinamwamsha. Asubuhi mgongo umekakamaa, hawezi kuinama kuvaa viatu mpaka jua lipande. Akitembea anapata nafuu, akikaa maumivu yanarudi. Tena aliwahi kuumwa jicho, likawa jekundu, mwanga haukuvumilika.

Daktari anahisi ni ankilosingi spondilaitisi, ugonjwa wa uvimbe wa maungio ya mgongo. Kipimo cha jeni ya HLA-B27 kimeonyesha hana, basi ndugu wanasema tuachane na hospitali. Mimi nina mtoto mchanga, nalala na hofu hii.

Fiziotherapia Mbeya
Pole sana dada. Msiache! HLA-B27 ilihusishwa na ugonjwa huu mwaka 1973, na kwa Wazungu wagonjwa wengi sana wanayo. Sisi Waafrika wa kusini mwa Sahara ni wachache mno wenye nayo, na wagonjwa wetu wengi hawana. Kule Gambia, karibu 6% ya watu wa kabila la Wafula wanayo, lakini watafiti walipowachunguza hawakuukuta ugonjwa. Zipo jeni nyingine zinazochangia, kama ERAP1 na IL23R. Kwa hiyo jibu la "hana" halimwondoi kaka yako kwenye orodha, hasa kwa dalili hizo na historia ya baba.

Kinachorithiwa ni uwezekano, si ugonjwa wenyewe. Hata wenye B27 wengi wao hawaugui maisha yao yote. Mwanao mwache acheze.

Kaka aombe picha ya maungio yanayounganisha nyonga na uti wa mgongo; MRI, picha ya mashine ya sumaku, huona mapema kuliko eksirei. Wahakikishe pia si kifua kikuu cha mgongo. Ugonjwa huu hugusa na macho: jicho likiwa jekundu tena, aende hospitali siku hiyohiyo.

Baba Tumaini, Kalenga
Kamwene dada. Mimi ninao ugonjwa huu. Dawa za kutuliza uvimbe na mazoezi ya kila asubuhi, hata Julai hii ya baridi kali, ndivyo vinavyoniwezesha kulima. Kama kaka anavuta sigara, aache leo. Wanangu ni watu wazima, hawana shida.

Binti wa Makambako
Asanteni mno. Namsomea kaka haya jioni hii. Na shangazi yupo Igwachanya, naye tangu usichana analalamika kiuno cha asubuhi. Nitampigia nimuulize habari za macho.