Naomba ushauri: kutetea vita vya Marekani na Uingereza vya 1812

Habari zenu wakuu. Nina mdahalo wa historia, na nimepangiwa kutetea kwamba Marekani ilikuwa na haki kutangaza vita dhidi ya Uingereza Juni 1812.

Hoja yangu kuu ni mabaharia: manowari za Uingereza zilisimamisha meli za Marekani na kuwachukua watu kwa nguvu wakatumikie jeshi lao la majini. Hapo niko vizuri. Ninapokwama ni kwenye kura. Baraza la Wawakilishi lilipitisha vita kwa 79 dhidi ya 49, Seneti 19 kwa 13, na New England (majimbo ya kaskazini-mashariki), walikojaa wenye meli, ndiko upinzani ulikokuwa mkali. Aliyevalia njuga vita ni Henry Clay, Spika wa Baraza la Wawakilishi kutoka Kentucky, kusiko na bahari kabisa! Nimejaribu kuegemea amri za Uingereza za kubana biashara, lakini London ilizifuta siku tano tu baada ya vita kutangazwa, kabla habari hazijavuka bahari. Mkataba wa Ghent wa 1814, uliomaliza vita, nao haukuwagusa mabaharia.

Je, niendelee na mabaharia au nihamie kwenye heshima ya taifa? Na wakisema shabaha ilikuwa Kanada na ardhi ya watu wa Tecumseh (kiongozi wa Wahindi Wekundu aliyepinga Wamarekani), nijibuje?