Mjomba anatega paa kwa waya na nyama ananitumia mjini. Nimwambieje bila kumvunjia heshima?

MwanaPangani

Shikamooni wakubwa, na wadogo habari zenu.

Naishi Tanga mjini. Mjomba wangu, ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki, yuko Pangani, ng'ambo ya mto upande wa kuelekea Mkwaja. Analima mihogo na mahindi. Shamba lake limepakana na kichaka, na kichaka kile kinaungana na pori la Hifadhi ya Saadani. Nguruwe pori hawamwachi, kwa hiyo ametega waya kulizunguka shamba lote: zile nyaya za matairi yaliyochomwa na za breki za pikipiki. Nguruwe akinasa anatupwa, maana sisi ni Waislamu. Akinasa paa, funo au pongo, anachinjwa na kuliwa, na inayobaki inakaushwa na kuletwa kwangu.

Sisemi kula nyama ni dhambi. Nakula ng'ombe, nakula kuku, na nyama ya paa nimekulia. Kinachonisumbua ni ile namna. Nilipokwenda mara ya mwisho nilimkuta pongo jike ndani ya waya. Mguu umekatika mpaka mfupa unaonekana, chini pote pamechimbika kwa kwato, na kidonda kilikuwa kimeshaanza kunuka. Chuchu zimejaa maziwa. Mjomba akasoma bismillahi, akamchinja kwa kisu kikali, vizuri kabisa.

Na mjomba si mkatili. Akiona punda amezidishiwa mzigo anagombana na mwenye punda mbele za watu. Ndiyo maana jambo hili linaninyima raha: moyo ule ule unawezaje kuacha nyaya kichakani ukaenda kulala?

Naomba ushauri wenu. Kuna kuwinda kwa ajili ya kula ambako ni haki? Kama kupo, hii ya waya imo? Na mimi niliyelishwa na mikono ile naanzia wapi kumwambia?

Ngalawa Moja

Mkuu, tuanze na usalama wenu. Kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, paa akiingia shambani kwako hawi wako. Kuwinda ni kwa kibali, na hata mwenye kibali haruhusiwi kutega waya, kuchimba shimo wala kuweka sumu. Nyama yenyewe, mbichi au kavu, inahesabika kuwa nyara ya Serikali. Watu wamefungwa miaka 20 kwa kukutwa na nyama tu ndani ya nyumba. Anayebeba kwenye basi, anayepokea na anayepika, wote wamo. Ukizungumza na mjomba leo, jambo la kwanza asitume tena.

Kama mna hamu ya nyamapori, tangu kanuni za mwaka 2020 yapo mabucha yenye leseni. Unakula ukiwa huna hofu.

Bibi Shamba

Mwanangu MwanaPangani, marahaba. Nimesoma uzi wako mara mbili, na nataka mjomba wako naye apate wa kumsemea.

Ninyi wa mjini hamjui kulala kwenye dungu. Unakesha unapiga debe, mvua inakunyeshea, ukisinzia kidogo kundi la nguruwe limeshaingia, na alfajiri mihogo ya miezi tisa imefukuliwa yote. Hapo mtoto anasubiri sare ya shule. Mtu wa namna hiyo akitega hatafuti starehe. Mwenye njaa hana miiko.

Halafu tuseme na ya mjini. Ng'ombe mnayemnunua buchani katoka mnadani amesimama kwenye lori, pembe zimefungwa kwenye chuma, akilala anasokotwa mkia ainuke. Kuku wa kisasa anaishi wiki chache hajawahi kukwaruza udongo. Paa wa Pangani kaishi huru mpaka siku ile. Anayemchinja kamwona macho, anajua anachokula kimetoka wapi. Mnunuzi wa kilo moja hajui na hataki kujua. Kwa hiyo kabla ya kumhukumu mzee, kila mtu aangalie sahani yake.

Ustadhi wa Ngamiani

Assalaam alaykum. Bibi kasema kweli kuhusu lori, wala dini haimruhusu mwenye lori kufanya vile. Lakini swali la kijana limebaki.

Kuwinda kwa ajili ya chakula ni halali. Suratul Maida aya ya 4 inaruhusu hata windo la mbwa aliyefunzwa, ukimtuma na ukataja jina la Allah. Ila aya ya 3, inayotangulia, imeharamisha mnyama aliyekufa kwa kunyongwa, isipokuwa mliyemwahi akiwa hai mkamchinja. Kwa hiyo pongo yule, maadamu alikuwa hai, nyama yake kwa upande wa kuchinjwa haina tatizo. Lakini wale ambao mjomba anawakuta wamekwisha kufa, shingo imekazwa na waya, hao ni mizoga. Muulize anawafanya nini, kwa sababu katika nyama iliyokaushwa huwezi kutofautisha.

Jambo la pili ni zito zaidi kwangu. Mtume, rehema na amani zimshukie, amefundisha katika hadithi iliyopokewa na Shaddad bin Aws kwamba Allah ameandika wema katika kila kitu, hata katika kuchinja: noa kisu, umpumzishe mnyama wako. Mjomba ananoa kisu, analitekeleza hili katika dakika ya mwisho. Je, siku iliyotangulia dakika hiyo? Tunayo pia hadithi ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka. Hakumpiga wala hakumkata. Alimfungia, hakumlisha, hakumwachia atafute chakula chake, mpaka akafa. Sasa mnyama aliyefungwa mguu kichakani, bila maji, anamsubiri mtu ambaye huenda asipite leo wala kesho, hali yake ina tofauti gani na ya paka yule? Mwambie mjomba kwa lugha hiyo. Mtu wa swala ataisikia.

Mtu wa Amani

Mimi ni wa Muheza, nimekulia pembezoni mwa msitu wa Amani, na babu yangu alikuwa msasi. Niruhusuni niseme kwa urefu, kwa sababu mjadala umesimama kati ya "wanyama wanateseka" na "watu wana njaa", na yote mawili ni kweli.

Babu aliwinda kwa mbwa na mkuki. Alimwona mnyama kabla hajamuua. Akiona ana mimba au ana mtoto nyuma, aliwaita mbwa warudi. Alitoka siku ambayo nyumbani hapana kitoweo, na akipata mmoja alirudi. Kila kifo kilipita kwanza kwenye macho yake na uamuzi wake, na uzito wake aliubeba yeye. Huo ndio uwindaji ambao mimi nauona una haki: mtu mwenye haja, aliyechagua, aliyemaliza haraka na aliyejua pa kuishia.

Waya umeondoa yote hayo. Hauangalii jike wala dume, hauangalii kama leo chungu kimejaa. Unanasa nguruwe ambaye mjomba hamli, unaweza kunasa mbwa wa jirani, na kwa sehemu ile inayoungana na Saadani, unaweza kunasa hata mtoto wa simba. Mtegaji akiumwa malaria wiki nzima, waya unaendelea na kazi. Akihama, unaendelea. Kule kwetu watu wameokota nyaya zilizokazika kwenye mifupa, na aliyezitega hakuna anayemjua. Anayetega nyaya kulizunguka shamba hajaamua kumuua pongo jike mwenye maziwa, na kosa lenyewe ninaliona hapo: ameruhusu mauaji yatokee bila yeye kuamua.

Kwa hiyo Bibi, shikamoo, njaa inaweza kuhalalisha mkuki wa babu. Nyaya zinazoua na wasioliwa, njaa inazihalalisha vipi?

Kifaru Mweupe

Samahani kwa kuingilia. Na kasa je? Kwetu wakinasa kwenye nyavu watu wanasema ni riziki ya bahari.

Dokta wa Mifugo

Kasa usiguse. Machi 2024, kisiwa cha Panza huko Pemba, watu tisa walikufa baada ya kula nyama ya kasa, wanane kati yao watoto. Sumu yake haiondoki kwa kupika. Na analindwa na sheria, akinasa mrudishe majini.

Kwa mleta uzi: mnyama wa kwenye waya akikutwa amekufa, huwezi kujua kama ni waya uliomuua au alikuwa mgonjwa tayari. Kimeta kinampata binadamu kwa kuchuna tu, si lazima ale. Hiyo nyama kavu haijapita kwa mkaguzi yeyote. Usiwape watoto.

MwanaPangani

Nashukuruni nyote, na Ustadhi hasa kwa ile ya paka. Mtu wa Amani, umenisemea kitu nilichokuwa nakihisi nikakosa maneno.

Nimeamua nyama siipokei tena. Ila nikimwambia ang'oe nyaya, atauliza shamba litalindwa na nani, na atakuwa na haki ya kuuliza. Hilo bado sina jibu.

Bibi Shamba

Marahaba wewe wa Amani, umesema vizuri na kwa nyaya sikubishii tena.

Mwanangu, jibu la shamba ni mkonge. Sisi ni watu wa Tanga, miche haitusumbui. Apande safu mbili zilizobanana kuzunguka shamba, na miaka ya mwanzo, wakati haujakomaa, aongeze matawi ya miiba chini. Nguruwe hapendi kuchomwa pua. Mahindi na mihogo aisogeze upande wa nyumbani, upande wa kichaka aweke ufuta. Na msimu wa mavuno mtafute kijana wa kukesha kwenye dungu, umlipe wewe, kwa sababu mzee hawezi tena kukesha na wewe una mshahara. Kitoweo nacho usikisahau: mpelekee mbuzi jike wawili na beberu.

Usimwambie kwa simu. Nenda mwenyewe, kwanza kaa na mke wa mjomba, umweleze yeye nia yako, yeye ndiye atakayekuchagulia saa. Ukianza na mbuzi na kijana wa dungu, maneno ya nyaya yatakuja yenyewe. Na siku ya kung'oa uwepo, muhesabu pamoja, maana anayetega nyingi huwa amesahau nyingine alizitega wapi.